Jina la Kuazima

Mambo yote yaliharibika Jumamosi ya tarehe 5 Machi 2016, Jumamosi ya Wafu, ndani ya kanisa letu la Mtakatifu Paraskevi hapa Neromilo, pale Padri Prokopis aliposoma jina la mke wangu pamoja na majina ya marehemu. Mke wangu alikuwa amesimama kando yangu, mzima wa afya, ameshika sahani ya ngano.

Siku hiyo padri husoma mbio, majina ya mji mzima, anayamwaga kama kokoto kutoka kwenye ndoo. Lakini haya aliyasoma vizuri kabisa: Thanasis, Vaia, Evanthia. Thanasis ni baba mkwe wangu, Vaia ni mama mkwe wangu, wote wawili tulishawazika. Evanthia ni mke wangu. Stamatia, dada yake, aliyesimama mbele yetu, aligeuka akanikazia macho kana kwamba mimi ndiye niliyemuua. Kisha akajitemea kifuani, ptu ptu ptu, kufukuza baya. Evanthia mwenyewe alikuwa ametulia tu. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba mzigo wake umefika.

Nje, kinamama walipokuwa wanagawa ile ngano ya kuchemsha yenye zabibu kavu na komamanga, Stamatia alimbana dada yake ukutani.

"Umekufa lini, mwenzetu? Mbona hatukuletewa habari?"

"Si mimi niliyesomewa," Evanthia akasema. "Ni Bibi Harusi wa kule makumbusho. Padri hawezi kumwombea mtu asiye na jina, nami sikuwa na jina la kumpa. Nimemwazima langu."

"Jina linaazimwa? Ni sufuria hilo?"

"Nikifa atanirudishia. Mtu aliyekaa peke yake miaka yote ile hawezi kuwa mwizi."

Mimi nilicheka. Nilikuwa dereva wa trekta la ushirika wa pamba maisha yangu yote. Mambo ya wafu niliwaachia wanawake na mapadri. Padri ndiye aliyesomeshwa kwa kazi hiyo. Yeye ndiye aliyepaswa kumwuliza mwanamke aliye hai kwa nini anataka jina lake lisomwe upande wa wafu. Hakuuliza. Wakubwa wetu hawaulizi kitu mpaka kiwe kimeshaanguka.

Evanthia alikuwa msafishaji wa makumbusho ya chuo kikuu. Huko juu kuna kumbi zenye mitungi iliyochorwa wapiganaji weusi, vichwa vya marumaru visivyo na pua, taa za udongo kutoka Kupro, vichupa vya mafuta kutoka Sisilia, paka wa shaba kutoka Misri. Vitu vya bahari yetu nzima, alivyokusanya profesa wa kwanza ili wanafunzi wajifunze kwa kushika. Chini ya ardhi kuna ukumbi mmoja usio na dirisha, na humo ndimo alimolazwa Bibi Harusi. Walimkuta walipochimba msingi wa bwalo la wanafunzi. Wakamtoa mfupa kwa mfupa, wakampanga upya ndani ya kabati la kioo kama alivyokuwa kaburini: kioo chake cha shaba cha kujitazamia karibu na mkono, vichupa vya mafuta miguuni, na kidoli cha udongo chenye mikono inayochezacheza. Profesa Dendrinou, mkuu wa makumbusho, aliwahi kumweleza Evanthia kwamba zamani zile msichana alikuwa anatoa kidoli chake hekaluni anapoolewa. Huyu alikuwa nacho bado. Kwa hiyo alikufa kabla ya harusi. Ndipo Evanthia akampa jina la Bibi Harusi, na kila asubuhi kabla ya kufuta kioo alikuwa anakigonga kwa kifundo cha kidole mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani.

Alikuwa anamhurumia. Wanafunzi walikuwa wanapiga picha naye huku wakikenua meno. Siku moja Evanthia alimwekea shina la mrehani na kandili ndogo sakafuni. Profesa akamwita ofisini. Alimwambia kwa adabu, maana ni mwanamke mwenye adabu, hilo simnyimi, kwamba moto hauruhusiwi mle ndani. Halafu akaongeza: "Huyu si marehemu wa mtu, Bi Evanthia. Ni ushahidi."

Evanthia alirudi nyumbani amenuna. Aliniuliza ushahidi wa nini, na nani ameshtakiwa. Mimi sikujua. Ndipo alipokwenda kwa padri.

Nataka pia mjue habari za baridi. Ile miaka ya ufukara wa nchi, chuo kilizima mabomba ya joto jengo zima. Lakini kabati la Bibi Harusi lilikuwa na mashine yake ya kumtunzia hewa, isizidi unyevu, isipungue joto, inanguruma mchana na usiku. Mke wangu alikuwa anapiga deki kando yake amevaa makoti mawili, pumzi yake inatoka moshi. Na ile ngazi ya kushukia kule chini haikuwa na kitu cha kushikia. Alianguka hapo akiwa na ndoo, mwaka 2009, akavunjika mfupa wa kigasha, mkono wa kushoto. Hospitali wakamfunga plasta kwa haraka ya kwenda kula. Mfupa uliunga vibaya, ukaacha nundu kama lozi chini ya ngozi. Tangu hapo nundu ile ikawa ndiyo mtabiri wetu wa hali ya hewa. "Anua nguo, Argyris," alikuwa ananiambia jua likiwa linawaka. "Mkono unasema mvua." Na mvua ilikuwa inakuja. Nilizoea kulala nimeiwekea kidole gumba juu yake.

Basi. Baada ya ile Jumamosi, jambo la kwanza lilikuwa taa.

Masika yale chuo kilifunga taa za kujiwasha, ili kubana matumizi. Mtu akiingia ukumbini zinawaka, akitoka zinazima. Baada ya siku chache Evanthia akaniambia, akicheka, kwamba taa zile hazimtaki. Anaingia, giza. Anatembea mpaka katikati, giza. Alilazimika kupunga kitambaa kama mtu anayesimamisha basi. Sikumsadiki, kwa hiyo mchana mmoja nilimpelekea pai ya mboga nikashuka naye. Nilimwambia atangulie. Alitangulia na ndoo yake, nikasikia viatu vyake vinakwenda mbele kwenye giza, tap, tap, mpaka mwisho wa ukumbi. Hakuna kilichowaka. Mimi nikatia mguu mmoja tu mlangoni, ukumbi mzima ukawa mweupe.

"Umeona?" akasema kutoka kule mwisho. "Wewe mvivu zinakuona. Mimi mfanyakazi hazinioni."

Tulikula pai palepale kwenye ngazi, tukitazama ndani. Taa zikazima, kwa kuwa hakukuwa na mtu ukumbini. Kisha moja ikawaka yenyewe. Moja tu, ile iliyo juu ya kabati. Mimi na mke wangu tulikuwa tumekaa, midomo imejaa. Iliwaka kwa muda wa kumtosha mtu kugeuka kutoka ubavu mmoja kwenda wa pili, ikazima.

Nilikwenda kwa Profesa. Akamwita fundi wa umeme. Fundi akasema taa zile huhisi joto la mwili, na mke wangu amevaa makoti mengi mno, joto halitoki. Nikamwuliza yule wa kwenye kabati amevaa makoti mangapi. Fundi akacheka, akadhani ni mzaha.

Stamatia hakucheka. Alimfuata dada yake jikoni kwetu akamwambia jina lile lirudi upesi. Evanthia alikuwa mbishi, lakini naye nafikiri alishaanza kuogopa, maana alikubali bila kubishana. Jumamosi ya Wafu nyingine ilikuwa mwezi wa Juni, ile ya kabla ya Pentekoste. Alimwendea padri mapema, akamwambia safari hii ataje Thanasis na Vaia peke yao. Padri akasema sawa, binti yangu.

Siku ilipofika nilisimama karibu kabisa na mlango wa altare ili nisikie. Thanasis, akasema padri. Vaia. Evanthia.

Ulimi ulishapita njia ile mara moja, ukapita tena. Nilimngoja nje mpaka alipovua joho, nikamwuliza kama aliambiwa ama hakuambiwa. Akashika ndevu. Akasema ulimi umeteleza, na Mungu anajua kuwatofautisha watu wake.

"Mungu anajua," nikamwambia. "Wewe je, padri?"

Tangu siku hiyo sikumbusu tena mkono.

Wiki ile ile mvua ilinyesha mchana, kubwa, nguo zote zikiwa kambani. Evanthia alikuwa amekaa barazani anazitazama zinalowa. Nilitoka mbio nikazianua, nikamwuliza mkono wake umelala leo. Akaushika mkono wa kushoto, akaupapasa juu mpaka chini kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

"Hauumi tena," akasema.

Nilipolala nikaweka kidole gumba mahali pake. Palikuwa laini. Nilijiambia uvimbe umekwisha, tushukuru.

Kiangazi kile alibadilika, na sijui niseme vipi, kwa sababu hakufanya lolote baya. Alikuwa anakaa mbele ya kioo cha chumbani muda mrefu, mwanamke ambaye kwa maisha yetu yote alifunga kitambaa kichwani bila kujitazama. Alikuwa anachukua vibanio vya nguo anavichezesha mezani, anavitembeza, anaviketisha. Kahawa niliyompikia alikuwa anainusa kwanza. Na alikuwa ananishukuru. Miaka thelathini na minne ya ndoa, mke wangu alikuwa ananitukana kwa upendo asubuhi na jioni, sasa ananiambia asante kwa sauti ya mgeni aliyefundishwa adabu. Kazini aliendelea kwenda. Alikuwa anakohoa. Septemba baridi ikaanza mapema kule chini, Oktoba akalazwa, mapafu. Siku ya mwisho nilikuwa nimemshika mkono, akanitazama kwa huruma nyingi sana, kama mtu anavyomtazama mtoto wa watu aliyepotea sokoni. Hakusema jina langu. Alikata roho mchana, madaktari wakiwa mapumzikoni.

Chuo kilituma shada la maua. Utepe wake uliandikwa "Kwa mwenzetu". Joto walilirudisha majira ya baridi yaliyofuata, baada ya wageni kutoka Ulaya kulalamika.

Makaburi ya mji wetu hayana nafasi, kila mtu anajua. Manispaa inakupa miaka mitatu, kisha maiti hufukuliwa, mifupa huoshwa kwa divai, hutiwa kwenye sanduku dogo la bati, na sanduku huwekwa katika nyumba ya mifupa pamoja na mengine, lenye picha na jina na kandili. Oktoba 2019 ikawa zamu yetu. Tulikuwa wanne: mimi, Stamatia na chupa zake za divai na kitambaa cheupe, padri, na Zisis mchimbaji, mtu mpole asiyependa kusema. Karani wa manispaa alisimama mbali akiangalia saa, maana kulikuwa na mwingine wa kufukuliwa baada yetu.

Nilijua nitakachokiona. Nimewafukua baba na mama. Mifupa ya miaka mitatu ni ya manjano kama nta ikiwa marehemu ameridhika, mizito, bado ina unyevu, na ina harufu yake. Zisis alishuka shimoni akachimba kwa mikono mwishoni, kama inavyotakiwa. Kawaida hutoa fuvu kwanza, akampa ndugu wa karibu. Akanipa mimi. Nililibusu paji la uso kabla sijalitazama. Ndivyo mtu anavyofanya. Huanzi kwanza kumkagua mkeo.

Midomo yangu ikasikia ukavu. Kama kubusu mtungi.

Lilikuwa jepesi, la kahawia, dogo. Zisis akaanza kutoa mengine, na kila mfupa ulipoguswa na mwenzake ulilia, kile kilio cha vyungu vinapopangwa kabatini. Stamatia alikuwa anaosha. Aliosha mkono wa kulia. Akaosha wa kushoto, akaupitishia vidole toka kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo, akarudia. Ulikuwa umenyooka kama ujiti. Kisha akanichukulia fuvu mikononi, akalifungua taya.

"Shemeji," akasema polepole, "dada yangu alikuwa na meno?"

Evanthia alikuwa na meno ya bandia juu, na chini yalibaki ya mbele tu. Haya yalikuwa meno ya msichana, yote, madogo, yamejipanga.

Padri akasema udongo una mambo yake. Karani akatuomba tuharakishe. Zisis alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo amevua kofia. Nilipomtazama akatikisa kichwa na kuniambia kaburi lile halikuguswa na mtu tangu alifunge yeye mwenyewe, na yeye si mlevi.

Nilimwambia Stamatia aache, tusifunge sanduku. Lakini yeye alikuwa anamimina divai tena, anaendelea kuosha mbavu moja moja.

"Huyu si dada yangu," akaniambia. "Lakini ameshafika mikononi mwangu. Nimwache na matope?"

Walimfunga kwa kitambaa cheupe, wakamtia sandukuni, wakabandika picha ya Evanthia wangu akiwa na kitambaa chake kichwani, anacheka.

Kesho yake nilikwenda makumbusho. Nilikuwa sijatia mguu humo tangu msiba. Nilishuka ile ngazi. Sasa wameweka bomba la kushikia, zuri, la chuma kinachong'aa. Taa zikaniwakia. Kabati lilikuwa palepale, kidoli palepale, kioo cha shaba palepale, na maandishi yaleyale ukutani yanayosema ana miaka elfu mbili na mia nne.

Mifupa ilikuwa ya manjano kama nta.

Meno ya juu hayakuwapo. Na mkono wa kushoto, katikati ya kigasha, ulikuwa na nundu kama lozi.

Niligonga kioo mara mbili. Sijui kwa nini. Hiyo ilikuwa kazi yake, si yangu. Kwa ndani, usawa wa uso, kioo kikafanya ukungu, duara dogo la ukungu kama la mtu anayepuliza kusafisha miwani. Ukakaa kidogo, ukafifia.

Profesa Dendrinou alinipokea vizuri. Aliagiza kahawa. Nilimweleza yote, na hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza aliwasha kompyuta yake akanionyesha picha za siku ile walipomfukua Bibi Harusi, wafanyakazi na makoleo yao, mavazi ya zamani. Akaikuza picha mpaka mkono ukajaa. Nundu ilikuwapo. Akanionyesha kitabu alichoandika yeye, mchoro wa mkono uleule.

"Imekuwapo siku zote, mzee Argyris. Nimeufundisha mkono huu darasani miaka ishirini. Msichana aliyevunjika, akafungwa vibaya."

"Msichana asiye na meno?"

"Walikuwa na maisha magumu."

Nikamwambia mke wangu alimfuta huyu vumbi kila siku ya kazi, na alikuwa anarudi nyumbani ananihadithia mpaka kidole chake cha mwisho. Ingekuwaje asinihadithie mkono uliovunjika kama wake, mahali palepale? Profesa akaigeuza skrini isituelekee.

"Mkeo alivunjika mkono upi?" akauliza.

"Ngazi ni zenu na hamjui?"

Aliweka kikombe chini, na kikombe kikagonga kisahani zaidi ya inavyopasa. Akaniambia, kwa sauti ambayo siyo ya profesa, kwamba mashine ya hewa ya kabati lile imeshabadilishwa mara mbili, mafundi wanasema ni nzima, lakini kila asubuhi kuna unyevu ndani, na hawajui unatoka wapi. Kisha kama mtu aliyejisikia anasema mno, akarudi kwenye uprofesa wake. Akasema ananipa pole.

Nilimwomba kitu kimoja tu. Anipe nimzike. Sitaki kioo wala kidoli, wakae navyo. Nataka mifupa ile iwe chini ya udongo wetu, ili nami zamu yangu ikifika wanitie kando yake, maana tulikubaliana hivyo tangu tulipokuwa wachumba. Akasema hilo si la kwake kuamua, ni la wizara, Athene. Nikawatuma watu waliokuwa wanakwenda Athene waniulizie. Wizara ikasema mali ya taifa haizikwi. Manispaa ikasema mke wangu yuko kwenye nyumba ya mifupa, mstari wa juu, picha hiyo hapo, nataka mara mbili? Chuo kikamwambia mlinzi anitazame nisije nikavunja kitu.

Sivunji. Ninakwenda Jumamosi asubuhi, ninaketi kwenye kiti kilicho karibu na kabati. Nimejifunza kutulia. Ukitulia sana, taa zinakusahau, zinazima, unabaki gizani na ile mashine inanguruma. Kisha ninasema habari za wiki: pamba imeanguka bei, dada yako amegombana na jirani, nguo nimezianua mapema. Nikisema la nguo, taa ya juu ya kabati inawaka. Mimi sijasogea. Mlinzi aliona mara moja, akaniuliza kama nimepunga mkono. Tangu hapo anasimama juu ya ngazi, hashuki.

Na yule mwingine, wa kwenye sanduku, pia simwachi. Kwanza nilikuwa namchukia. Stamatia ndiye aliyenikemea; alisema binti yule alingoja miaka elfu mbili apate mtu wa kumwosha, si yeye aliyekifungua kinywa cha padri. Kwa hiyo namtilia mafuta. Kandili yake haizimiki hata upepo ukivuma mlango ukiwa wazi. Za wenzake huzimika. Stamatia amempelekea kidoli kidogo cha kitambaa, amekificha nyuma ya picha.

Jumamosi ya Wafu iliyofuata nilimmeza padri kama dawa chungu, nikamwendea. Nilimwambia asome Thanasis, Vaia, Evanthia, asome taratibu, kwa moyo. Akasoma. Alisoma vizuri siku hiyo, mpaka Stamatia akalia. Nilitoka kanisani nikaenda moja kwa moja makumbusho, nimejaa matumaini kama kijana. Niligonga. Hakuna ukungu. Niliketi, taa zikazima, nikasema mambo ya nguo, nikasema la mvua, nikamwita. Giza. Kutwa nzima giza. Nilipopita makaburini kurudi nyumbani, kandili ya mstari wa juu ilikuwa inawaka kwa moto mrefu, umenyooka, na uso wa Evanthia kwenye picha ulikuwa unang'aa kama umepakwa mafuta.

Ndipo nikaelewa sala inakwenda wapi. Jina ni la yule wa kwenye sanduku sasa. Anasomewa yeye, anapata yeye, kila mwaka, tena kila padri atakapokosea na atakapopatia. Na yule wa kwenye kioo yuko kama alivyokuwa mwenzake mwanzoni: mtu wa ushahidi, hana jina, hana wa kumtaja.

Nimemwuliza padri. Ameniambia atamwandikia askofu. Nimemwuliza Profesa, akasema wao humwita kwa namba. Stamatia alitaka kutoa jina lake. Nilimfukuza jikoni na mwiko. La kwangu ni la kiume, na hata hivyo nimeshaona linakwenda wapi jina likiazimwa. Jumamosi ya Wafu inakuja tena, ngano nimeshainunua, na padri atasimama pale mbele afungue kinywa. Basi niambieni ninyi mliosoma: mke wangu asomewe kwa jina la nani?